Siku Niliyovua Mtamba

Wacha nikubali mapema, maana naona wengine wenu mshaanza kuziba midomo: ndiyo, ni mimi. Mimi ndiye yule mtu wa Kitengela aliyepita mbio mbele ya kanisa watu wakitoka ibada, huku nyuma ameshika rodi ya kuvua samaki na huko mbele, mwisho wa uzi, kuna ng'ombe. Hiyo aibu nimeibeba miaka yote hii na sijawahi kuikana. Lakini kuna kitu kinanichoma roho, na ndiyo maana nimewaambia leo mnyamaze mnisikilize: kila mkisimulia hii hadithi mnaongeza chumvi. Ati nilikuwa nimelewa. Ati nililia. (Sikulia. Ilikuwa matope imeingia macho.) Ati niliburutwa mpaka barabara ya Namanga magari yakasimama. Nani aliwaambia hayo? Si ni dada yangu Mumbua? Yule Mumbua ambaye kama angefunika ndoo vile aliambiwa, mimi leo ningekuwa naitwa jina la heshima kama wanaume wengine. Basi leo mtaisikia kutoka kwa mwenye mkasa.

Baba yangu, wale mlimjua mnajua, alifanya kazi kiwanda cha saruji huko Athi River miaka yote ya tisini, na tulipohamia Kitengela, kwa hii ploti niko nayo mpaka sasa, kitu cha kwanza alitafuta haikuwa shule, wala kanisa, wala duka la karibu. Alitafuta maji. Akapata lile bwawa la nyuma, ambalo watu walichimba ng'ombe wanywe, na ndani yake kulikuwa na tilapia ambao hakuna mtu aliwahi kusema nani aliwaleta. Kuanzia hapo, kila Jumapili baada ya ibada ya asubuhi, familia nzima ilikuwa inaenda kuvua, Mama na chupa ya chai, Mumbua na ndoo, mimi na mkebe wa minyoo, na Baba mbele na fimbo yake begani. Fimbo yenyewe ilikuwa mwanzi aliokata kwetu Machakos. Hapo akafunga uzi wa nailoni, ndoana moja, nati ya baiskeli ya kuzamisha, na kipande cha slipa ya bluu cha kuelea juu, na hiyo ndiyo ilikuwa vifaa vyake vyote. (Slipa ilikuwa ya Mama, na Mama mpaka leo anasema ilikatwa kabla haijazeeka.)

Sasa mimi nikaja nikapata kazi, nikaanza kujiona. Kulikuwa na mzungu pale kazini aliyekuwa anarudi kwao, anauza vitu vya nyumba, na watu wenye akili wakanunua friji na viti, mimi nikanunua rodi. Rodi nyeusi inang'aa, iko na rili ya kuzungusha kwa mkono, uzi mwembamba usioonekana, na samaki wa plastiki wa kudanganya samaki wenzake. Mnaniona mjinga, lakini mngeiona siku hiyo mngeitaka. Nikaenda nayo bwawani Jumapili baada ya Jumapili na sikushika kitu. Hata chura. Baba pale kando, slipa inazama, anainua mwanzi, tilapia huyo, anatia kwa ndoo, na haniangalii hata kidogo, na hiyo ya kutoniangalia ndiyo ilikuwa inaniuma zaidi kuliko Mumbua aliyekuwa ananiuliza mbele ya watu kama hiyo rodi yangu ni ya kuvua ama ni ya kupigia picha.

Hayo ni mambo ya nyumbani, ningeyavumilia. Shida ilianza na Nashipae.

Nashipae mnamjua kama mama watoto wangu, lakini wakati huo, mwanzo mwanzo wa miaka ya elfu mbili, alikuwa muuguzi Kajiado na kwao ni Bisil, na mimi nilikuwa nimempenda kwa kiwango cha kukosa usingizi. Yeye alikubali. Mama yake alikubali. Ikabaki baba yake, mzee mrefu mkimya, mtu wa ng'ombe kutoka unyayo mpaka nywele, ambaye alikuwa ameniambia kitu kimoja tu tangu anijue, na kitu chenyewe ni "mm". Akatuma neno kwamba atakuja Kitengela Jumapili, na wazee wawili wa rika lake, kuona kwetu ni watu wa aina gani. Na Nashipae akanielezea wazi, tena polepole kama anayempa mgonjwa dawa: baba akiingia kwenu akakaa akanywa chai, amekubali. Akigeuka kabla ya kuingia, usinifuate.

Akanipa na mambo mengine mawili ya kushika. La kwanza, kwao watu wakipeana mnyama wanaacha kuitana majina yao, wanaitana kwa ile zawadi. Ukimpa mtu ng'ombe, kuanzia siku hiyo wewe unamwita Pakiteng na yeye anakuita Pakiteng, mpaka kufa. Mkipeana kondoo, ni Paker. Mume wa dada yake mkubwa alikuwa Pakiteng, na mnapaswa kumuona huyo bwana akiitwa hivyo sokoni, vile anageuka polepole na shingo ndefu. Nikaapa na mimi nitakuwa Pakiteng. Tukaenda na Baba tukanunua mtamba pale pale soko la Bisil, ng'ombe jike mchanga ambaye hajazaa, mwekundu, tumbo jeupe, hana kovu hata moja. Nashipae alimwangalia akasema huyo ni wa kupewa mtu. Nilivimba kichwa wiki nzima.

La pili lilikuwa samaki. Baba yake hakuwa mtu wa kula samaki, hakuwa mtu wa kuguza samaki, na kwa maoni yake samaki na nyoka walikuwa ndugu waliotofautiana makao tu. Akiona samaki kwenu, Nashipae alisema, hata maji hatakunywa. Nikaita mkutano wa familia. Nikawaambia hiyo Jumapili hakuna kuvua. Baba akasikiliza mpaka mwisho, akasema mgeni anakuja saa nane, samaki wanakula asubuhi, hao watu wawili hawatakutana. Nikabishana mpaka jasho. Tukaafikiana hivi: tutavua kidogo, samaki wataenda kwa jirani kabla ya mgeni kufika, na Mumbua atafunika ndoo na gunia, njia yote, hata iweje. Mumbua akasema sawa. Kumbukeni hapo. Alisema sawa kwa mdomo wake.

Basi Jumapili ikafika, na mimi nikampeleka mtamba bwawani anywe maji, maana ng'ombe akishiba maji anapendeza, na kwa sababu nilikuwa naenda huko huko nikabeba na rodi. Nilikuwa nimevaa shati jeupe na suruali ya kitambaa tayari kwa wageni, nimekunja miguu ya suruali tu. Baba alivua, slipa ikazama, ikazama tena. Mimi kama kawaida. Nikaangalia jua, nikaona wakati wa kurudi umefika, na hapo ndipo nilifanya ule uamuzi mdogo ambao mnaucheka mpaka leo: nikasema nirushe mara moja tu ya mwisho. Mara moja. Kwani hiyo ni dhambi? Mtu anataka kushika samaki mmoja maishani mwake mbele ya baba yake, siku ambayo anataka kuwa mwanaume, hiyo ni dhambi?

Kurusha rodi kunahitaji mikono miwili. Nikampa Baba kamba ya mtamba ashike. Na Baba (Mungu amrehemu, lakini ukweli ni ukweli) alikuwa na samaki anadokoa, kwa hivyo akaweka ile kamba chini akaikanyaga na mguu. Ati anashika ng'ombe! Na mimi sikuangalia nyuma, maana mtu akishika ng'ombe unaamini ameshika ng'ombe, kumbe mtamba amesogea kunusa majani nyuma yangu kabisa. Nikarudisha rodi nyuma kwa nguvu zangu zote, nikairusha mbele, na haikwenda mbele. Ilikwama. Nikavuta. Nikasikia mlio ambao samaki hatoi.

Ndoana ilikuwa imeingia ukingoni mwa sikio. Mtamba akaruka, kamba ikamtoka Baba chini ya kiatu, na ng'ombe akashika njia. Rili ikaanza kulia, uzi unatoka unatoka, mimi nimesimama nashangaa kama niko kwa sinema, mpaka uzi ukaisha. Mnaniuliza kila siku kwa nini sikuachilia. Kwa sababu rodi ilikuwa imefungwa kwa mkono wangu na kamba, maana mwezi uliotangulia ilinitoroka ikaangukia majini na Mumbua akacheka mpaka akakaa chini! Nilipiga tope la kwanza na kifua, nikainuka, nikapiga la pili na uso, nikainuka tena, na kutoka hapo nilikimbia kwa miguu yangu. Kukimbia si kuburutwa. Nataka hiyo ieleweke.

Mtamba hakuchagua njia ya nyuma. Angeweza, kulikuwa na uwanda mtupu mpaka macho yachoke. Akachagua njia ya kanisa, na ibada ya pili ilikuwa ndiyo inatoka, kina mama na vitambaa vyao, wazee wa kanisa na koti, wote wamejipanga pale nje wakisalimiana. Wakatupisha. Ng'ombe akapita, halafu nafasi tupu, halafu mimi. Nakumbuka mama mmoja aliniuliza habari ya asubuhi, na kwa kuwa nimelelewa vizuri, nikamjibu nzuri.

Na mbele ya hapo, kwenye kona ya kuingia kwetu, saa nane ikiwa bado mbali kabisa, nani anakuja? Wazee watatu, shuka mpya, akala za tairi, fimbo mkononi, na Nashipae kando yao na leso ya kutoka. Walikuja mapema. Mtu anaambia watu saa nane, watu wanapanga maisha yao kwa saa nane, halafu anakuja mapema! Mpaka leo hakuna mtu amewahi kumuuliza huyo mzee swali hilo, swali zote ni kwangu.

Mzee hakukimbia. Alitazama mtamba akija na macho yamemtoka, akapiga mluzi, si mkubwa, ule wa chini chini, akasema maneno kidogo ya Kimaasai, na huyo ng'ombe, ambaye sisi tulikuwa tumemlisha na kumnywesha na kumbembeleza kwa wiki nzima, akasimama mbele yake akatulia kama amefika kwao. Mzee akamshika sikio. Akafuata uzi kwa macho, polepole, polepole kabisa, mpaka ukafika kwangu.

Nikafanya vile nilifundishwa. Nikaenda nikainamisha kichwa anibariki kwa mkono, vile mkubwa anasalimia mdogo kwao. Mkono ulikaa hewani muda. Alikuwa anatafuta mahali pasipo na matope. Mwishowe akaniguza na kidole kimoja, hapa nyuma ya sikio.

Akatoa ndoana, akaipangusa. Ule ukingo wa sikio ulikuwa umechanika, pengo dogo hivi, linatoa damu kidogo. Mimi nikaanza kueleza, nikasema mzee, huyu mtamba ni wako, ni zawadi yako, nilikuwa namleta. (Ambayo haikuwa uwongo, alikuwa anakuja kwa kasi sana.) Mzee akawaonyesha wenzake lile pengo, wakaangalia, wakatikisa kichwa. Ndipo akasema maneno mengi kuliko yote niliyokuwa nimewahi kusikia kutoka kwake.

"Ng'ombe ikikatwa sikio, iko na mwenyewe. Sisi hiyo ndiyo alama. Wewe umeweka alama yako hapa, mimi naona, wazee wanaona. Sasa nitapelekaje nyumbani ng'ombe ya mtu?"

Nikamwangalia Nashipae anisaidie. Alikuwa anaangalia mawingu. Nikajua Pakiteng imeenda hivyo, mbele ya macho yangu, kwa sababu ya pengo ambalo hata kidole hakingepita. Nikasema moyoni, sawa, jina liende, bora aingie tu nyumbani anywe chai. Bora mke.

Hapo ndipo Mumbua alitokea. Anakimbia, anaita jina langu, na ndoo mkononi, na gunia je? Gunia aliliacha bwawani. Nilimuuliza baadaye akaniambia alikuwa na haraka ya kuja kunisaidia. Akajikwaa, ndoo ikaruka, na tilapia wa Baba, hai, wazima, wakamwagika mpaka kwenye akala za baba mkwe wangu. Mmoja akarukaruka juu ya kidole chake cha mguu. Mzee mmoja akaenda nyuma. Baba Nashipae akatoa mguu wake taratibu, akakung'uta, akageuka, akaanza kurudi kule walikotoka.

Sijui kama mmewahi kuona maisha yenu yakigeuka na kuondoka na fimbo mkononi. Nashipae alisimama katikati, baba yake kule na mimi huku, na nikaona ameinama akitafuta ncha ya leso, na yeye si mtu wa kulia. Hiyo ndiyo sehemu ya mkasa huu ambayo nyinyi huwa mnairuka, maana haichekeshi.

Halafu Baba akafika. Hakukimbia, alikuja na mwendo wake wa Jumapili, mwanzi begani, slipa ya bluu inaning'inia, akakutana na wageni uso kwa uso njiani kama hakuna lililotokea, akawasalimia. Mzee akasimama. Akaangalia ule mwanzi juu mpaka chini. Akaonyesha rodi yangu, akauliza, "Ile ina mashine imeshika ng'ombe. Hii fimbo inashika nini?"

"Hii inashika kile inatakiwa," Baba akasema.

Sikuamini masikio yangu. Mtoto wake wa kiume amesimama pale kama tope lililovaa shati, na yeye anatangaza mwanzi wake! Lakini mzee akasema twende nione. Na tukaenda, jameni, wote, na shuka mpya na leso ya kutoka, tukapita tena mbele ya kanisa (bado walikuwa pale, nani angeenda nyumbani), mimi nyuma kabisa nikimvuta mtamba wangu mwenye alama yangu.

Baba akamweka mzee juu ya jiwe lake. Akamfundisha kitu kimoja tu, kwamba aangalie slipa na asiharakishe. Na mzee yule akakaa. Wazee wengine wakachuchumaa, wakatoa ugoro, wakapeana, wakampa na Baba, na mimi niliyekuwa nimejipanga wiki mbili na maneno ya kumkaribisha, sikuulizwa hata hali yangu. Baadaye mzee akasema, bila kutoa macho majini, kwamba hii kazi anaijua, ni kuchunga tu. Baba akasema ndiyo, ni kuchunga. Wakaelewana hivyo, kwa slipa ya Mama.

Slipa ikazama. Mzee akainua mwanzi, na tilapia akatoka akining'inia, na mzee akaweka mwanzi mbali na mwili wake kabisa, uso umekunjamana. Hakutaka kumguza. Akauzungusha mwanzi mpaka yule samaki akanifikia mimi, akanipiga piga kwenye shavu.

"Shika. Nimekupa," akasema.

Nikashika. Mimi ningefanya nini? Baba mkwe anakupa kitu, unashika. Nilifurahi hata, nikasema asante mzee, nikaona sasa mambo yamekuwa mazuri. Nikasikia wale wazee wawili wameanza kucheka, wanapigana mabega, na Nashipae amejifunika uso na leso, mabega yanatetemeka. Mimi nilikuwa bado nashika samaki, natabasamu kama mpumbavu, mpaka mzee akaamka, akajipangusa shuka, akaniangalia machoni, akasema, "Twende tunywe chai, Pasinkirri."

Sinkirri ni samaki. Zawadi ya kwanza kati yetu ilikuwa samaki, mashahidi walikuwepo, nimepokea kwa mikono miwili na nikasema asante.

Tulioana, ndiyo, na sijutii hata siku moja. Lakini niambieni kama hiyo ni haki. Nilimpelekea dume baadaye, dume ya maana, nikamkabidhi mbele ya watu soko la Bisil, nikasubiri. Mzee akamzunguka, akampapasa mgongo, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wauza mbuzi, "Dume nzuri, Pasinkirri." Nikamwambia mzee, hii ni ng'ombe, sasa si tubadilishe? Akaniambia jina halibadilishwi kama shati. Na yule bwana Pakiteng alikuwa pale, na shingo yake. Wauza mbuzi nao wakaanza kuniita hivyo, na kondakta, na watoto wa Mumbua, na sasa nyinyi.

Ile rodi ilienda juu ya paa, ndiyo imeshikilia erio ya televisheni, na hapo ndipo itazeekea. Niliapa sitavua tena na kitu chenye mashine, na sitavua na kitu chochote kama kuna ng'ombe karibu, na hicho kiapo nimekishika.

Baba alipofariki, mzee alikuja kutoka Bisil akiwa peke yake, amezeeka, macho yameanza kumuacha. Hakuingia na waombolezaji. Aliuliza fimbo iko wapi, nikamtolea ile ya mwanzi, slipa ya bluu bado ipo, akaenda nayo bwawani na hakutaka mtu amfuate. Alirudi jioni jioni na tilapia mmoja. Hakuwa amemning'iniza kwa uzi. Alikuwa amemshika na mkono wake mtupu, yeye ambaye katika miaka yote hiyo hakuwahi kumguza hata mmoja, na magamba yamemshika mpaka kwenye kiganja. Akaniwekea mkononi, akasema, "Pasinkirri."

Nami, kwa mara ya kwanza, nikamwita jina lake hilo hilo, vile mila inataka, maana miaka yote nilikuwa nimekataa kwa hasira. Akaitika.

Kwa hivyo nisikilizeni vizuri. Hilo jina ni la watu wawili, mimi na yule mzee. Nyinyi wengine wote, kuanzia na Mumbua, mniite Kioko.